Sifa za Kukata Sehemu

Chukua 49/91. Mbili haiingii, tatu haiingii, wala tano. Wengi hapo huweka kalamu chini, wakidhani sehemu hiyo imeshafika mwisho. Mwenye subira huijaribu saba: katika 49 inaingia mara 7, katika 91 mara 13. Jibu ni 7/13.

Swali hilo ni la kale. Limo katika sura ya kwanza ya Jiuzhang Suanshu, kitabu cha hesabu cha Wachina ambacho Liu Hui alikiandikia ufafanuzi mwaka 263 baada ya Kristo. Kanuni yake haimwachi mtu abahatishe. Kama kiasi na asili vyote vinagawanyika kwa mbili, vigawe. La sivyo, toa ndogo katika kubwa, kwa zamu, mpaka zilingane. 91 toa 49 ni 42. 49 toa 42 ni 7. Nayo 42, ukiitoa saba tena na tena, hubaki 7. Saba kwa saba: hicho ndicho kigawo kikubwa cha shirika. Euclid naye, yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, aliieleza njia hiyo hiyo katika kitabu cha saba cha Elements.

Naisifu kazi hii kwa uadilifu wake. Unaondoa wino, thamani haiguswi. Kwa nini? Kwa sababu 49/91 ni 7/7 mara 7/13, na 7/7 ni moja. Kuzidisha kwa moja hakuongezi wala hakupunguzi. Ruhusa ya kukata inatoka hapo, na mpaka wake uko hapo. Katika (3 + 5)/(3 + 7), tatu haikatwi, kwa kuwa imejumlishwa, haikuzidishwa. Jibu ni 8/10, yaani 4/5, wala si 5/7. Vivyo hivyo, ukifuta 6 ya juu na ya chini katika 16/64 utapata 1/4, na ni kweli. Fanya hivyo kwa 3 katika 13/34, utapata 1/4 ya uongo. Jibu sahihi lililopatikana kwa njia mbovu halimfundishi mtu kitu.

Utamu wa ufundi huu uko katika kukata kabla ya kuzidisha. Tazama 35/48 × 36/49 × 14/15. Mwenye pupa atazidisha kwanza, apate 17640/35280, kisha ahangaike nayo. Fundi hukata 35 na 15 kwa tano, 36 na 48 kwa kumi na mbili, 14 na 49 kwa saba. Juu hubaki 7, 3 na 2. Chini 4, 7 na 3. Saba na saba zinaondoka, tatu na tatu vilevile. Inabaki 2/4, yaani nusu.

Tena kila sehemu ina umbo rahisi moja tu. Katika 84/126, mmoja ataanza na mbili, aje tatu, amalizie saba. Mwingine atakata kwa 42 mara moja. Wote watafika 2/3. Kwa hiyo mtoto anayekata polepole, kwa vigawo vidogo vidogo, asione haya mbele ya mwenzake mwenye kasi. Muda wa kuwa anagawa juu na chini kwa namba ileile, na haachi mpaka kigawo cha shirika kibaki moja tu, jibu lake ni kamili sawa na la mwenzake.