Paa wa Hamdani na wandani wa kwenye kompyuta

Majuzi nilikuwa nyumbani Kithimani nikisoma tasnifu ya mwanafunzi wangu mmoja, mjukuu wangu wa chuo kikuu akiwa kando na kipakatalishi chake. Mara nikamsikia akiguna. "Karlach ameniacha, Babu. Ameenda zake." Nikadhani ni mambo ya wasichana. Kumbe Karlach ni mhusika wa mchezo wa kompyuta!

Mchezo wenyewe ni Baldur's Gate 3, ulioundwa na Larian, kampuni ya Ubelgiji, na kutolewa Agosti 2023. Mchezaji huwa shujaa katika nchi ya kubuni, akatembea na wenzake kadhaa, na kila hatua anatakiwa kuamua jambo. Mjukuu wangu alikuwa ameshirikiana na vibwengo kuwaua wakimbizi waliojificha msituni. "Nilitaka tu kuona itakuwaje," akanieleza. Ikawa hivi: wenzake wawili, Karlach na Wyll, walikataa kuandamana na muuaji.

Wahusika wa aina hii tuwaiteje kwa Kiswahili? Darasani tuna mhusika mkuu, msaidizi na mjenzi. Mimi napendekeza mwandani. Neno hili limebeba "ndani" tumboni mwake: ni mtu anayekujua kwa ndani, si mpambe wa kukubebea mkuki.

Wenzangu wa rika langu huiona michezo hii kuwa upuzi wa vijana. Sikubaliani nao. Riwaya ngapi tunazowasomesha watoto zina rafiki wa shujaa asiye na kazi ila kumsifu na kumshauri? Karlach ana dhamiri yake. Ana mpaka, na ukiuvuka anaondoka, hata kama unamhitaji vitani. Huo ni usanii wa wahusika, tena mzuri.

Lakini nilipoendelea kutazama, nikaona kasoro. Kila mchezaji anaposema au kutenda jambo, kioo humwandikia papo hapo kwamba mwandani fulani ameridhika au amechukia. Katika Dragon Age: Origins, mchezo wa mwaka 2009, unaweza hata kumpa mwandani zawadi na mapenzi yake yakapanda. Basi kijana hajiulizi tena lililo jema ni lipi. Anauliza nani yuko karibu, na anapenda kusikia nini. Ni kama mgombea anayesema hili akiwa Matuu na lile akifika Mwala. Halafu likaja kubwa zaidi. "Usijali, Babu, nilisevu," akasema, akabonyeza, na wakimbizi wote wakafufuka. Karlach naye akarudi, akicheka, hana habari.

Hapo nikafunga tasnifu nikamsimulia kisa cha Hamdani. Kimo katika mkusanyo wa hadithi za Unguja uliochapishwa na Edward Steere mwaka 1870. Hamdani ni maskini anayechakura jaani kutafuta punje za mtama. Siku moja anaokota thumuni, yaani sehemu ya nane ya reale (ndiyo mzazi wa ile sumuni yetu ya senti hamsini), akanunua paa. Paa huyo anasema kama mtu. Anaokota almasi, anaipeleka kwa sultani, anamposea bwana wake binti wa sultani, anamuua nyoka wa vichwa saba na kumpatia bwana wake jumba la nyoka huyo. Hamdani anafanya nini muda huu wote? Hafanyi lolote. Mwandani ndiye shujaa.

Kisha paa anaugua. Yuko chini, Hamdani yuko juu na mkewe. Mwanamke mzee anapanda kumpa habari, naye anaagiza mgonjwa apikiwe uji wa mtama. Mke anashtuka na kumsihi, wapi! Paa anakufa, anatupwa kisimani. (Kwa Kikamba kithima ni kisima, kwa hiyo hapa kwetu ni Kisimani.) Baba mkwe, aliyemjua paa kwa wema wake tu, ndiye anayeingia kisimani kumtoa. Kwa usiku mmoja mke anajikuta kwao, na Hamdani anaamka jaani, anachakura.

Linganisha sasa. Paa hakuondoka kwa hasira kama Karlach. Hakuna maandishi yaliyomwonya Hamdani kwamba mwandani wake amechukia. Na jambo lenyewe lilikuwa dogo, bakuli la uji, si mauaji ya wakimbizi. Wabunifu wa michezo huweka mtihani wa maadili njia panda, pamoja na kengele. Msimulizi wa Unguja aliuweka jikoni, kimya, na hakumwachia Hamdani pa kurudia. Kwangu mimi, msimulizi ndiye amjuaye mwanadamu zaidi. Mchezo ukimpa kijana mwandani mwenye dhamiri kisha ukampa kitufe cha kufuta kosa, umemnyang'anya kwa mkono wa kushoto ulichompa kwa kulia.

Mjukuu akalalamika. "Sasa Hamdani angejuaje, Babu? Hakuambiwa huo ni mtihani."

"Angeshuka ngazi tu akamwone," nikamjibu.

Kisha nikamweleza jambo ambalo sikuwa nimepanga kulisema. Nilikuwa na rafiki hapa hapa Kithimani. Tulipokuwa wavulana aliacha shule akaenda kuchimba mchanga mtoni, na mara mbili alinilipia karo. Mwaka alioumwa, mimi nilikuwa na makongamano yangu. Nikamtumia pesa kwa simu, tena si haba, na ujumbe wa kumtakia afueni. Sikuja. Nilikuja kuzika.

Kijana akanyamaza. Karlach alikuwa bado amesimama pale kiooni, akingoja. Baadaye akauliza nyumbani kwa rafiki yangu ni upande gani wa mfereji, na kama mjane wake bado yupo. Nikamwambia yupo. Tukavaa viatu.