Si Kila Mwendo Mbaya Ni Kuchechemea

Mbele yetu ipo rasimu ya tafsiri ya maelezo juu ya ugonjwa wa Wilson, iliyokusudiwa walimu na wauguzi. Ugonjwa huu adimu ni wa kurithi, nao ni wa umetaboli: ini hushindwa kuitoa shaba iliyozidi mwilini, na shaba hiyo hulimbikana katika ini lenyewe na katika ubongo. Jina lake latokana na daktari S. A. Kinnier Wilson, aliyeueleza mjini London mwaka 1912.

Mfasiri ameifanya kazi yake kwa Kiswahili safi. Hata hivyo, kila maelezo yanapogusa mwendo wa mgonjwa, ametumia neno moja tu: kuchechemea. Hapo hatukubaliani naye. Achechemeaye aghalabu ana kasoro ya mguu: ameumia, au mguu mmoja ni mfupi. Mgonjwa wa Wilson miguu yake yaweza kuwa mizima kabisa. Zilizodhurika ni sehemu za ubongo zinazoongoza mwendo. Tena dalili za mwanzo zaweza kuwa ndogo mno: hatua hufupika, mikono haipungi kama ilivyozoea, na kugeuka huwa kwa kusitasita.

Lugha yetu haikupungukiwa na maneno. Atanuaye miguu ili asianguke hutagaa. Ayumbaye kama mlevi hupepesuka. Asiyeinua nyayo huburura miguu. Kila neno lampa daktari habari yake. Tukiyaweka yote chini ya neno moja, tumeifuta habari hiyo.

Hasara si ya lugha peke yake. Ugonjwa huu aghalabu hujitokeza utotoni au ujanani, na dawa zipo: penisilamini ilianza kutumika mwaka 1956, na chumvi za zinki hutumika pia. Usipotibiwa, huua. Mwalimu aliyesoma "kuchechemea" atautazama unyayo wa mtoto, aone hauna jeraha, naye atamwacha aende zake.

Twapendekeza, basi, istilahi ya jumla iwe "badiliko la mwendo", na chini yake kila namna itajwe kwa neno lake. Wala isiandikwe "mwenendo", kwani msomaji atadhani yanenwa tabia, na mtoto mgonjwa atahukumiwa kwa kosa asilolitenda.