Dabo ya Umbo Pungufu

Karata 52 zikigawiwa watu wanne, kila mmoja akashika 13, mikono inayoweza kumwangukia mchezaji mmoja ni 635,013,559,600. Maneno anayoruhusiwa kuyatamka katika mnada wa briji ni 38 tu: matamko 35 ya kunadi, kuanzia pau moja hadi saba bila turufu, kisha pasi, dabo na ridabo. Neno la 39 hana. Sheria za mchezo zinamkataza kuliongeza kwa sauti, kwa jicho au kwa kusitasita. Kwa hiyo kila tamko hubeba mikono mingi mno kwa pamoja, na hakuna hata moja linaloueleza mkono wowote ulivyo hasa. Nalitanguliza hili kwa sababu wengi wanaoilaumu dabo yenye umbo pungufu huilaumu kana kwamba matamko mengine yote ni kweli tupu, nayo peke yake ndiyo yenye kasoro. Mimi naiona kuwa moja ya kazi za ufundi wa hali ya juu kabisa katika mchezo huu, kwa kuwa inamlazimu mchezaji ajue, kabla hajafungua mdomo, atafanya nini kwa kila jibu linaloweza kurudi.

Hapo awali dabo ilikuwa tishio. Mpinzani aliahidi kula mizunguko kadhaa, nawe ukamwambia kwamba hatoiweza na kwamba adhabu iongezwe. Katika miaka ya 1910, wakati briji ya mnada ikitamba na Harold Vanderbilt akiwa bado hajatunga hesabu ya alama ya briji ya mkataba, jambo alilolifanya mwaka 1925, wachezaji wa Marekani waling'amua kwamba tishio hilo halina maana mnada unapokuwa chini. Nani anayetaka kumwadhibu mtu aliyetaja shupaza moja tu? Charles Patton na Bryant McCampbell ndio wanaotajwa kuwa waliipa dabo ya chini kazi mpya, kila mmoja kwa njia yake: kumwambia mwenza, nina mkono wa kufungulia mnada, aina waliyoitaja sina nyingi, chagua wewe katika tatu zilizobaki. Kwa hesabu ya kawaida ya ree pointi 4, mfalme 3, malkia 2 na ghulamu 1, jumla yake 40 katika karata zote, mkono huo hutakiwa uwe na pointi 12 hivi au zaidi. Umbo linalosifiwa vitabuni ni karata nne katika kila aina isiyotajwa na moja tu katika ile iliyotajwa.

Umbo hilo ni zuri, lakini ni adimu. Mkono wa 4-4-4-1 hutokea karibu mara tatu katika mikono mia. Na ukitaka ile karata moja iwe ya aina ileile aliyoitaja mpinzani, inabaki chini ya mara moja katika mia. Ni kweli kwamba mpinzani akishataja shupaza, uwezekano wa wewe kuwa na chache huongezeka. Hata hivyo mikono ya 5-4-2-2 na ya 4-3-3-3 huja kila mmoja zaidi ya mara kumi katika mia, nayo haikosi ree na wafalme kwa sababu tu imekosa umbo. Anayengoja umbo kamili ataipitisha kimya mikono mingi mizuri, na kimya chake nacho ni tamko. Mwenza ataisoma ile pasi kuwa ni udhaifu, ataacha kushindania mkataba ulio wenu, na kosa hilo halitaandikwa popote kwa jina la aliyenyamaza. Waunda majahazi wa pwani, wanapotafuta mataruma, huchagua mti uliopinda wenyewe, wakaupima mpindo wake na pale utakapokaa mbavuni mwa chombo. Mchezaji naye anapaswa kuuangalia mkono wake uliopinda kwa jicho hilo, aone mpindo huu unakaa wapi.

Chukua mkono huu. Aliye kuliani kwako amefungua kwa shupaza moja. Wewe una shupaza 6 na 3; kopa ree, malkia, ghulamu na 4; uru ree, mfalme, 9, 7 na 4; pau 8 na 5. Una pointi 14, na pau mbili tu, kwa hiyo umbo limepungua. Ukinadi uru mbili, kopa zako nne nzuri zinazikwa, na kopa ndizo zinazolipa: mkataba wa kopa nne unatimiza gemu kwa mizunguko kumi, ilhali uru na pau zinadai 11. Ukisema pasi, umezika vyote viwili. Basi piga dabo, ila kwanza tembea na majibu. Mwenza akitaja kopa, umefika ulikotaka. Akitaja uru, vivyo hivyo. Akitaja pau mbili, jibu uliloliogopa, unanadi uru mbili na mnada haujapanda hata ngazi moja. Wasiwasi wote umeishia hapo. Sasa badilisha kitu kimoja tu: uru ziwe 8 na 5, na zile tano zenye ree na mfalme ziwe pau. Pointi ni zilezile, upungufu ni uleule, kopa hazikuguswa. Lakini mwenza akijibu uru mbili, njia ya kurudi kwenye pau inapita ngazi ya tatu, mizunguko tisa, ukiwa huna cha ziada. Dabo iliyokuwa ya kifundi imekuwa ya kubahatisha. Anayeshika kanuni ya umbo peke yake haioni tofauti ya mikono hii miwili, kwani kwake yote miwili ina kasoro. Anayehesabu majibu anaiona papo hapo.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayomzuia mtu pale panapostahili kuzuiwa. Mpinzani amefungua kwa pau moja, nawe una shupaza ree, malkia, 7 na 4. Kopa 6 na 2. Uru mfalme, ghulamu, 8 na 5. Pau ree, 9 na 4. Pointi ni 14 tena, na mkono unavutia. Hata hivyo dabo inaahidi shupaza na kopa kuliko inavyoahidi kitu kingine, na mwenza mwenye kopa tano na nguvu kidogo ataruka kwa furaha kwenye aina uliyo nazo mbili, bila wewe kuwa na pa kumrudishia kwa bei nafuu. Hapo kuna wanaonadi shupaza moja kwa karata nne hizo nzuri, na wako wanaonyamaza. Napendelea shupaza moja, lakini dabo siitetei. Kinyume chake, uru moja ikifunguliwa, mkono wa shupaza ree, malkia na 3, kopa mfalme, ghulamu na 4, uru 8, 5 na 2, pau ree, ghulamu, 7 na 6, wenye pointi 15, ni wa kupiga dabo bila kusita. Huwezi kunadi bila turufu kwa uru zisizozuia chochote, na katika kila aina atakayoitaja mwenza una karata tatu au zaidi zilizojaa picha. Punguza mkono huo hadi pointi 12 na mimi nitasema pasi, kwani nguvu ndiyo iliyokuwa inalipia upungufu wa umbo.

Pingamizi zito kuliko yote ni la uaminifu. Mwenza, wanasema, akiacha kuamini kwamba dabo yako ina aina tatu, hataruka tena, atajibu kwa woga, na faida ya tamko lenyewe itakufa. Tena kwa desturi, anayepiga dabo kisha akanadi aina yake mwenyewe anatangaza mkono mkubwa, wa pointi 17 au 18; ukihamisha pau mbili kwenda uru mbili ukiwa na 14, umeuvuruga mpango huo. Pingamizi hili nalikubali nusu. Linamshinda mchezaji anayepunguza umbo kwa kushtukiza, leo hivi, kesho vile. Halimshindi aliyekaa na mwenzake kabla ya mchezo wakakubaliana kwamba kuhama kutoka pau kwenda uru katika ngazi ileile si tangazo la nguvu, na kwamba mkono mkubwa wenye uru utaruka hadi tatu. Hiyo ni bei, na inalipwa waziwazi. Makubaliano ya namna hiyo ni haki ya wapinzani pia kuyajua. Sheria inataka waelezwe, na dabo inayotegemea wao kutojua haina sehemu katika sifa ninazozitoa hapa.

Wapo pia wanaoogopa adhabu. Mwenza wa aliyefungua atapiga ridabo, mtakosa aina ya kukimbilia, na kushindwa mizunguko mitatu chini ya dabo mkiwa hatarini kunagharimu alama 800, zaidi ya gemu nyingi. Hofu hiyo ni ya haki, na ndiyo sababu mkono wa 2-4-5-2 niliousifu ni salama kuliko wa 4-3-3-3 dhaifu: una kimbilio la karata tano. Inafaa kupima pia nguvu ziko wapi. Malkia na ghulamu waliokaa ndani ya aina ya mpinzani hawafai sana kwa dabo, hata wakikamilisha pointi 12.

Mahali ambapo ukali wangu unalegea ni kiti cha mwisho. Kopa moja, pasi, pasi, na sasa ni zamu yako ukiwa na shupaza mfalme, ghulamu na 5, kopa 8, 3 na 2, uru ree, 10, 6 na 4, pau malkia, 9 na 7. Una pointi kumi na umbo la hovyo. Lakini aliyesema pasi mbele ya mwenzake hana hata sita, na aliyefungua tukimpa 14 na mwenzake tukampa 4, basi mwenza wako ana 12 alizozinyamazia kwa sababu umbo lake halikumruhusu, au kwa sababu kopa ziko kwake. Piga dabo. Ukipita, wapinzani watacheza kopa moja kwa pointi 18 kati ya 40, na nyinyi wenye 22 mtakuwa hamjasema lolote.