Kazi ya Kabla ya Ngoma

Mwezi wa sita ukiingia Kisarawe, masika huwa yamekatika, mpunga wa mabondeni umeanikwa, na barabara ya kwenda Maneromango imekauka kiasi cha kupitika bila abiria kushuka kusukuma gari. Ndio msimu wa shughuli. Harusi, tohara, kumtoa mwali: mambo yaliyokuwa yakingoja chakula kipatikane nyumbani sasa hupangiwa siku. Na jioni ya shughuli, kabla ngoma haijalia, husikika kwanza mlio mdogo. Vidole vinagonga ngozi mara mbili, vinanyamaza, vinagonga tena. Kuna mtu amechutama kando ya moto wa makuti makavu, ameuelekezea moto uso wa ngoma. Anaigeuza, anaivuta nyuma, anaigonga, anatega sikio. Wageni hawamtazami, wao wanamngoja mpigaji. Mimi humtazama yeye, na makala hii ni yake.

Nitamfikia kwa kuzunguka kidogo, kupitia Kibaha na Uswidi.

Mwaka 1963 nchi za Nordic, Uswidi ikiwemo, zilianzisha pamoja na serikali ya Tanganyika mradi mkubwa pale Kibaha, kando ya barabara ya Morogoro, kilomita 40 hivi kutoka Dar es Salaam. Ulikuwa na shule ya sekondari, chuo cha kufundishia wakulima na kituo cha afya ambacho ndicho kilichokuja kuwa hospitali ya Tumbi. Wataalamu kutoka huko waliishi Kibaha hadi Januari 1970, mradi ulipokabidhiwa Tanzania na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Mengi yameandikwa juu ya madarasa na wahitimu wake. Mimi huwaza zaidi kalenda waliyokuja nayo vichwani watu wale. Kibaha jua la Juni huwa limeshazama kabla ya saa kumi na mbili na nusu, na giza halichelewi. Kwao siku hizo hizo jua la Stockholm huzama saa nne usiku na kuchomoza saa tisa na nusu, na kaskazini ya mbali halizami kabisa. Nchi iliyokaa gizani miezi mingi hupata mwanga wote kwa mkupuo, na watu wake huusherehekea. Sikukuu hiyo huitwa Midsommar. Tangu mwaka 1953 mkesha wake huangukia Ijumaa, kati ya tarehe 19 na 25 Juni.

Siku hiyo miji hubaki mitupu. Watu wamekwenda vijijini na visiwani. Huliwa samaki wa hering waliolowekwa katika siki na sukari, viazi vipya vya kuchemsha, krimu chachu na stroberi. Wasichana huvaa mataji ya maua, na usiku, kwa desturi ya zamani, huweka maua ya aina saba chini ya mto wa kulalia ili wamwote atakayewaoa. Bibi yeyote wa Kizaramo angelielewa jambo hilo bila mkalimani.

Lakini kiini cha siku ni mlingoti. Ni mti mrefu ulionyooka, una mwingine mfupi uliokingama karibu na kilele, na mataji mawili makubwa ya maua yakining'inia huku na huku. Watu huenda kukata matawi ya mbetula, mti wa kwao wenye gome jeupe, na kuchuma maua ya porini, kisha huanza kazi ya kuuvisha. Fungu la majani hulazwa juu ya mti na kukazwa kwa uzi. Fungu la pili hulazwa likifunika shina na uzi wa la kwanza, la tatu likifunika la pili, hivyo hivyo hadi mwisho, kama fundi anavyoezeka paa kwa makuti akianzia chini. Fungu likiwa jembamba mno, mti utachungulia. Likiwa nene mno, litafanya kifundo, na mlingoti utaonekana mgonjwa. Mikono inayofunga ni ya wenyeji wenyewe, wakubwa wakiwaelekeza wadogo, na kazi hii huchukua saa nyingi kuliko wengi wanavyodhani wanapoona picha za watu wakicheza.

Kuusimamisha nako ni ufundi. Leksand, katika mkoa wa Dalarna, mlingoti huzidi mita 20. Wanaume huuinua kwa jozi za fito zilizofungwa pamoja karibu na ncha na kutanuliwa miguu: jozi moja ikibeba uzito, nyingine husogezwa mbele, hatua kwa hatua, kwa sauti ya mtu mmoja anayeamuru, huku wapiga fidla wakisubiri na maelfu wakitazama. Baada ya hapo ndipo watu hushikana mikono na kuuzunguka, watu wazima na watoto wakirukaruka kwa kuigiza vyura.

Nilipousoma ufundi huo kwa makini ndipo niliporudi Kisarawe kwa macho mengine. Maana na sisi huku sherehe ya Juni ina mti. Mwali wa Kizaramo hupelekwa penye mkole, mti usio mkubwa unaozaa matunda mengi kwa vishada, na wanawake huimba hapo. Ya ndani nawaachia makungwi wenyewe. Marja-Liisa Swantz, mtafiti wa Kifini aliyekaa na Wazaramo katika miaka ya 1960, aliyaandika mengi kwa heshima katika kitabu chake cha mwaka 1970 juu ya ibada na ishara za Wazaramo, kazi aliyoiwasilisha Chuo Kikuu cha Uppsala, huko huko Uswidi. Wazaramo pia walikuwa wachongaji hodari: mwana hiti, kisanamu kidogo cha kike kisicho na mikono wala miguu ambacho mwali alikitunza ndani na kukipaka mafuta, sasa kimo katika makumbusho mengi ya Ulaya. Anayekiona huko nyuma ya kioo hausikii mlio uliokwenda nacho. Mlio huo ulitoka katika mti mwingine, ule uliochimbwa.

Tuanze na gogo. Zamani fundi wa ngoma aliingia msituni kuchagua mkongo au mninga. Leo misitu ya Pugu na Kazimzumbwi imehifadhiwa, baada ya kuliwa sana na tanuri za mkaa, na ni haki ihifadhiwe. Fundi wa sasa hugeukia mashambani, kwenye mwembe uliozeeka au mkorosho usiozaa tena. Huugonga mti ungali umesimama, akisikiliza kama una uozo ndani. Akishaukata haufanyii haraka. Gogo bichi likichongwa na kuachwa juani hupasuka, na mpasuko mmoja unaoshuka kutoka mdomoni ndio mwisho wa kazi. Kwa hiyo huchimbwa kwa vipindi, tezo nje na patasi ya mpini mrefu ndani, kutoka ncha moja kisha nyingine, hadi matundu mawili yakutane katikati. Baina ya vipindi hulazwa kivulini. Ukuta wake ukibaki mnene, sauti huwa ya kuziba. Ukiwa mwembamba mno, ngoma hupiga kelele isiyo na kifua. Sikuwahi kumwona fundi akiupima ukuta huo kwa rula. Huingiza mkono ndani na kuupapasa kwa kidole gumba, cha pili kikiwa nje, polepole, kuuzunguka wote.

Kisha ngozi. Ya mbuzi kwa ngoma ya kawaida, ya ng'ombe kwa vumi linalonguruma chini, ya kenge kwa kingoma kidogo kinachotakiwa kulia kwa ukali. Ngozi hulowekwa ikalainika, ikatandazwa juu ya mdomo wa mzinga, ikatobolewa pembeni na kukazwa kwa vijiti vya mti mgumu. Hapa ndipo pananipendeza kuliko pote. Methali yetu husema kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na tumeitumia sana kwa wanasiasa na warithi hata tumemsingizia mwamba ngoma mwenyewe. Mtazame akifanya kazi. Akipigilia kijiti upande wa mashariki, cha pili hukipeleka magharibi. Cha tatu kaskazini, cha nne kusini. Anazunguka ngoma yake au anaizungusha, na kila anapovuta huku anakumbuka alivyovuta kule, kwa sababu ngozi iliyovutwa upande mmoja hulia sauti mbili, na ngoma ya sauti mbili haichezeki. Nywele hunyolewa kwa wembe baada ya ngozi kukaa sawa, zikaachwa kidogo ukingoni. Halafu ngoma huanikwa kivulini mpaka ikauke yenyewe.

Hata hapo haijawa ngoma ya kuchezwa. Pwani ina unyevu, na jioni umande ukishuka ngozi hulegea. Ndiyo maana ya ule moto. Si moto wa mkaa: mkaa huunguza mahali pamoja kimya kimya, na fundi hushtukia ngozi imekwisha. Makuti au nyasi kavu hutoa ndimi nyepesi zinazowaka na kuzimika upesi, na joto lake huenea usoni mwa ngoma kwa usawa. Ngozi inapokauka hukaza, na sauti hupanda. Anachosikiliza yule mtu aliyechutama ni kupanda huko. Ana chapuo, ana msondo, ana vumi, na kila moja ina mahali pake pa kusimama kwa wenzake. Akiipandisha moja kupita kiasi itaifunika nyingine, na wachezaji watajikanyaga bila kujua kosa liko wapi. Hana kipimo zaidi ya kumbukumbu ya jinsi ngoma hizo zilivyolia zilipowahi kulia vizuri. Mara nyingi kuna kijana pembeni, mjukuu au mtoto wa dada, amepewa kazi ya kulisha makuti motoni. Huyo hajaruhusiwa kugonga. Anaruhusiwa kusikia.

Nimesikia watu wakisema ufundi huu umekwisha, kwamba vijana sasa wanataka spika na singeli. Mimi siafiki. Mdundiko, ngoma ya Wazaramo inayochezwa kwa mwendo, ingali ikitoka barabarani siku za harusi na za mwali, na kila mzazi wa pwani anamjua mtoto aliyewahi kuifuata hadi akapotea mtaa wa mbali. Na wenye kutaka kujifunza rasmi wana chuo cha sanaa Bagamoyo, humu humu mkoani Pwani, kilichoanzishwa mwaka 1981 na kusaidiwa kwa miaka mingi na Uswidi. Shida ninayoiona mimi ni nyingine: katika hesabu ya shughuli tunatenga fungu la mpambaji, la mpiga picha, la mwenye viti na turubai, hata la keki. Anayewamba na kukausha ngoma huingizwa chini ya neno "mengineyo," halafu hupunjwa hata hicho. Mtu anayebeba katika sikio lake sauti ya sherehe nzima anastahili jina lake liandikwe kwenye daftari la kamati, pamoja na kiasi chake, mapema.

Kesho yake asubuhi, wageni wamelala na masufuria yanaoshwa, kazi yake huendelea. Uswidi, katika vijiji vingi, mlingoti huachwa umesimama hapo kiwanjani na majani yake yakakaukia juu. Ngoma haiachiki hivyo. Huipangusa vumbi na jasho la viganja, hupitisha kidole kuzunguka ukingo akitafuta kijiti kilichocheza, hutazama katikati ya ngozi palipopigwa zaidi kama pameanza kuwa pembamba. Iliyopona huipeleka jikoni na kuitundika juu, moshi uizuie isiliwe na wadudu. Yenye walakini huitenga, na kabla hajanywa chai huwa ameshaulizia ni nyumba gani iliyochinja mbuzi jana na ngozi wameiweka wapi.