Kulitambua Sweta Bora la Kufuma kwa Mkono

Sweta la kufuma kwa mkono hujengwa kitanzi baada ya kitanzi, mstari juu ya mstari, na kila hatua ya kazi hubaki imeandikwa ndani yake: mkono ulipotulia, ulipochoka, kosa lilipoachwa na liliposahihishwa. Hakuna mfumaji asiyekosea. Kinachotenganisha kazi bora na kazi ya kulipua ni uamuzi uliofanywa kosa lilipogunduliwa, na uamuzi huo unaweza kusomwa na yeyote anayejua pa kutazama.

Uzi

Ukaguzi huanzia kwenye uzi. Sufu ya kondoo hunyumbuka na kurudi, tena hutunza joto hata ikiwa na unyevu. Ndiyo inayofaa zaidi maeneo ya baridi kama Njombe, Lushoto au Limuru. Pamba ni nzito na hainyumbuki sana, hivyo sweta refu la pamba huzidi kurefuka kwa uzito wake wenyewe. Akriliki ni nyepesi na hufulika kwa urahisi, lakini pasi ya moto huilegeza isirudi tena. Uzi usio na lebo hujaribiwa kwa kuchoma kipande kidogo. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na majivu yake husagika vidoleni, pamba hunuka kama karatasi, na akriliki huyeyuka ikaacha tone gumu.

Baada ya uzi huja rangi. Mabonge ya rangi moja yaliyotiwa rangi kwa mikupuo tofauti hayafanani kabisa, na kwa sababu hiyo lebo nyingi huwa na namba ya mkupuo. Uzi ukiisha katikati ya kazi na bonge jipya likawa la mkupuo mwingine, mpaka wa rangi hukata kifua au mkono, na huonekana waziwazi juani. Mfumaji makini hubaini upungufu mapema, akapishanisha mistari miwili ya bonge la zamani na miwili ya jipya mpaka tofauti imezwe.

Vipimo na ulinganifu

Kabla ya sweta lenyewe, fundi hufuma kipande cha majaribio na kuhesabu vitanzi ndani ya sentimita 10. Hatua hii huwachosha wengi, na kuiruka ndicho chanzo cha hasara kubwa kuliko zote. Sweta lililokusudiwa kuwa na mzunguko wa sentimita 100, kwa vitanzi 22 kila sentimita 10, huhitaji vitanzi 220. Mkono ukilegea hadi vitanzi 20, vitanzi hivyohivyo 220 hutoa sentimita 110. Mabega huporomoka na mikono hufunika vidole, ingawa kila kitanzi kimefumwa sawasawa.

Ulinganifu hukaguliwa kwa kuligeuza sweta ndani nje. Matuta ya mlalo yanayotengana kwa mifereji huonyesha kwamba mistari ya kinyume ilifumwa kwa mkono mlegevu kuliko ile ya usoni. Mstari mmoja uliobana au kulegea peke yake mara nyingi huonyesha mahali kazi iliposimama kwa siku nyingi kisha ikaendelezwa kwa mkono uliobadilika. Kasoro ndogo za aina hii hupungua baada ya kufuliwa. Zile kubwa hubaki.

Makosa na marekebisho

Kitanzi kilichoponyoka hufungua ngazi inayoshuka mstari kwa mstari. Kikidakwa mapema, hupandishwa kwa sindano ya kroshia hadi mahali pake na hakiachi alama yoyote. Kikifungwa kwa fundo upande wa ndani, kitambaa hukunjamana mahali hapo na tundu huweza kurudi. Kitanzi kilichojipinda hutambulika kwa miguu yake inayokatana chini, tofauti na majirani zake.

Kosa la pambo, kama msuko uliopindishwa upande usio wake, mara nyingi hudai kufumua. Fundi anayethamini kazi yake hufumua hata mistari 20 kuliko kuacha kosa katikati ya kifua. Uzi uliofumuliwa huwa na mikunjo. Ukifumwa tena papo hapo vitanzi hupindapinda. Dawa yake ni kuuloweka, kuutundika mpaka ukauke, ndipo urudi sindanoni.

Katika sweta la rangi nyingi, upande wa ndani husema zaidi. Ufumaji wa asili wa Fair Isle, kisiwa cha kaskazini mwa Scotland, hutumia rangi mbili tu katika kila mstari, na rangi isiyotumika hupita kwa nyuma. Nyuzi hizo zikivutwa sana, usoni hukunjamana. Zikiachwa ndefu, hunasa vidole na pete wakati wa kuvaa.

Kingo na maungio

Ukingo wa chini na wa mikono unyumbuke, kisha urudi. Shingo iliyofungwa kwa mkono mzito haipiti kichwani bila kuvutwa, na uzi wake hukatika mapema. Maungio ya ubavuni yanyooke, mstari ukutane na mstari. Ncha za uzi zichomekwe ndani ya vitanzi kwa kipande cha kutosha, zisikatwe karibu na fundo, kwa kuwa fundo hulegea kwa kufuliwa. Mabonge yaunganishwe pembeni inapowezekana, si katikati ya kifua.

Jaribio la maji

Sweta hupimwa mara ya mwisho kwa kuoshwa. Sufu ya kawaida huoshwa kwa maji ya uvuguvugu bila kusuguliwa, kwani joto na msuguano kwa pamoja huifanya igande na kusinyaa. Hukamuliwa kwa kufungwa ndani ya taulo na kukaushwa ikiwa imelazwa, kwa maana kuitundika huivuta. Sweta linalotoka majini likiwa na vipimo vilevile, rangi isiyochuja na kingo zilizorudi mahali pake ni kazi bora, hata kama jicho kali litaona kitanzi kimoja kisicholingana. Sweta lililoonekana safi dukani lakini likafunguka mafundo baada ya kufuliwa mara moja lilikuwa na makosa yaliyofichwa tu, hayakutengenezwa.