Jicho Lisilogeuka

Mvuvi wa dagaa kutoka Ukerewe akilalamika kwamba usiku anaona taa mbili mahali penye moja, tabibu mzuri hakimbilii miwani. Humwambia kwanza afumbe jicho moja. Taa ikibaki moja, basi kila jicho linaona sawasawa. Macho hayaendi pamoja tu. Kisha humtaka afuate kidole, na jicho moja likagoma kugeukia upande wa sikio. Neva ya sita, inayoligeuza jicho upande huo, imedhoofika. Sababu zinaweza kuwa nyingi, kisukari kikiwemo. Mara chache mno ni uvimbe wa gegedu ndani ya fuvu.

Gegedu imefikaje huko? Mtoto akiwa tumboni, sakafu ya fuvu huwa gegedu kabla ya kuwa mfupa. Inadhaniwa kwamba masalia yake hubaki kwenye maungio, na humo uvimbe huo, uitwao kondrosakoma, huota polepole ukubwani, aghalabu kando ya mstari wa katikati. Kodoma, uvimbe mwingine, hupenda katikati penyewe. Vipete vya chokaa kwenye picha ya CT scan humwelekeza daktari kwenye gegedu, lakini havitoshi kukata shauri.

Anayekata shauri ni mtaalamu wa patholojia, ambaye mgonjwa huenda asimwone maisha yake yote. Huyu ndiye ninayemsifu kuliko wote. Mbele ya hadubini ana kinyama kidogo kilichokatwa chembamba na kutiwa rangi, naye anajua kwamba ipo kodoma inayojifanya gegedu. Hivyo hapumbazwi na sura. Hupima protini ya brakiyuri, ambayo kodoma huwa nayo na kondrosakoma haina. Jibu lake ni zito: kondrosakoma ya daraja la chini ikiondolewa vizuri, na mionzi ikifuata inapohitajika, wagonjwa wengi huishi zaidi ya miaka 10. Kodoma ina ukaidi wa kurudi.

Mpasuaji naye mara nyingi hupitia puani, akiwa na kamera, jirani kabisa na mishipa mikubwa inayolisha ubongo. Namheshimu zaidi pale anapoacha kukata, mabaki yaliyong'ang'ania mshipa akayaachia mionzi.

Hospitali ya Bugando jijini Mwanza imepokea wagonjwa wa Kanda ya Ziwa tangu 1971, na tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe mwaka 2025, mtu wa Sengerema hahitaji kungoja kivuko. Ndugu yako akianza kuona viwili viwili, usimnunulie miwani barabarani. Mpeleke hospitali apimwe.