Fundi wa Nyundo za Mashine ya Unga

Watu wa Masumbwe, mkoani Geita, hula ugali kila siku, lakini ni wachache wanaomfikiria mtu anayefanya mashine ya kusaga isitetemeke.

Ndani ya mashine, nyundo bapa za chuma huning'inia kwenye pini na kuzungushwa na shafti. Zinalika upande unaokutana na mahindi. Fundi huzifungua na kuzigeuza. Zikilika pande zote, hukata mpya.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Nyundo zinazotazamana lazima zilingane uzito. Huzipima moja moja kwenye mizani, na iliyozidi huisaga kidogo kidogo, maana chuma kikishapunguzwa hakirudi. Kisha hulaza shafti na sahani zake zinazoshika pini juu ya vyuma viwili vilivyonyooka, huizungusha taratibu na kuiacha isimame yenyewe. Ikisimama kila mara upande uleule ukiwa chini, upande huo ni mzito. Anaanza upya.

Uvumilivu huo una sababu. Kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, gramu 10 zilizozidi, sentimita 15 kutoka katikati, huivuta shafti kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 15, ikizunguka pande zote mara 50 kila sekunde. Beringi huungua, boliti hulegea, na kijana anayemimina mahindi amesimama hapohapo, karibu kabisa.

Wengi humwita fundi beringi ikishakufa. Naona hapo tunamkosea: hulipwa kwa kilichovunjika, wakati kazi yake kubwa ni kile ambacho hakikuvunjika.